Maji ya Jiko la Nje

Zuhura alinipigia simu kunijulisha kwamba mamake amezikwa jana. Hakusema amekufa, alisema amezikwa, maana kwao Msambweni mambo haya hayangoji mtu, na mimi niko Kitale, ningefika lini. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni kwangu. Niliyaacha hapo hapo nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake, halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa moyoni miaka mingi. "Aunty, mamangu alimfanya nini yule bibi kizee wa Saudia? Hapa mtaani wanasema alimtilia sumu. Nilimwuliza hadi nikachoka. Alikuwa akinambia tu, hayo yamekwisha." Nikamjibu kwamba kwa simu siwezi, nitamwandikia. Mamake, Bi Mwanaidi, aliniapisha ninyamaze, na nimenyamaza muda wote aliokuwa hai. Sasa hayuko. Ahadi yenyewe naona imeishia kaburini, na kama haijaishia, basi tutaelewana yeye na mimi siku tutakayokutana. Siwezi kukaa kimya huku mtoto akiambiwa mamake alikuwa muuaji. Haya ndiyo ninayomwandikia.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Riyadh, wakati ule ambapo kila mtaa huku Kenya ulikuwa na wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni, na kila kanisa lilikuwa na mama wa kuombewa kwa sababu binti yake hapokei simu. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, niliyedhani dunia inanisubiri. Nyumba niliyopelekwa ilikuwa Al-Shumaisi, katikati ya mji wa zamani, ambako matajiri wengi walikuwa wamekwisha hama wakaacha vyumba vikakodishwa kwa vibarua kama sisi. Familia hii ilibaki kwa sababu ya Hajja, mamake bosi, ambaye alikuwa amesema atatoka humo akibebwa. Marehemu mumewe aliwahi kusoma nchi za baridi, na alipoijenga nyumba alitaka iwe na joto kama za huko: chini ya ngazi kulikuwa na boila kubwa, ukutani vyuma vya kupitisha maji moto, na uani, chini ya vigae, tangi la chuma lililozikwa la kuweka dizeli ya kuliwasha boila hilo. Majirani walikuwa wakiwacheka, wao wakiota moto wa majiko ya umeme. Lakini baridi ya Riyadh ya Desemba na Januari si mchezo, hukausha midomo ikapasuka, na Hajja alikuwa na mifupa mibovu. Kwa hiyo kila msimu wa baridi ukianza boila liliwashwa, nyumba nzima ikanuka mafuta, madam akalalamika na kufukiza udi kila alasiri, na bosi akajifanya hamsikii.

Mimi na Bi Mwanaidi tulikaa chumba cha uani, ukuta mmoja na jiko la nje. Yeye alikuwa mpishi, mtu mzima kunishinda kwa mbali, mfupi, mweusi wa kung'aa, asiyeinua sauti hata akikasirika. Chakula cha kwanza nilichokula katika nchi ile alinipa yeye: wali uliobaki kwenye sinia la wenyewe, shingo ya kuku, na bilauri ya maji. Maji yalikuwa na harufu ya moshi mtamu na chini yake ladha nyingine ya ajabu, nikafikiri ndivyo maji ya jangwani yalivyo. Akanieleza sheria. Ndani ya nyumba kulikuwa na maji ya chupa kubwa za kuletwa, ya kunywa wenyewe na wageni, na madam alitaka hata wali upikwe kwa hayo. Sisi tulikunywa ya mfereji wa jiko la nje. Mfereji huo haukuunganishwa na tangi jipya la nyumba kubwa, ulivuta maji kwenye tangi la zamani la saruji lililokuwa chini ya uani, hatua chache tu kutoka lile la dizeli. Siku hizo sikulifikiria jambo hilo hata kidogo. Nani huko kwetu anafikiria ardhi ya chini imepangwaje?

Bi Mwanaidi hakupenda ladha ya maji yale, na dawa yake alikuja nayo kutoka Pwani. Aliweka kaa la moto kwenye chetezo, akatia punje za ubani maka, akaligeuza jagi kifudifudi juu ya moshi mpaka likajaa, halafu akaliinua upesi, akamimina maji na kufunika kwa kitambaa. Kwao, alisema, mgeni hapewi maji yasiyofukizwa. Kadiri msimu wa baridi ulivyoendelea maji yalizidi kuwa mabaya, na kila yalipozidi yeye alizidisha ubani. "Tangi la kale hili, lina ukoga," alikuwa akisema, na mimi nikakubali, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji. Kichwa kiliniuma tangu nilipoamka hadi nilipolala. Tumbo lilikuwa likinikata. Yeye alikuwa akitapika asubuhi, akinawa, akivaa kanga yake ya jikoni na kuanza kukanda unga. Tulidhani ni uchovu, na mimi niliongeza upweke juu yake. Nikikumbuka leo jinsi alivyokuwa akinimiminia bilauri ya pili, kwa upendo kabisa, natamani kulia na natamani kucheka.

Hajja alizaliwa Jeddah, mji mkongwe wa kule, na jambo hilo hakuchoka kuwakumbusha watu. Riyadh ilikuwa kwake mahali pa vumbi alipoletwa kwa ndoa. Chumbani mwake, kando ya kitanda, aliweka gudulia la udongo lililotoka kwao, tupu, kama pambo. Siku moja Bi Mwanaidi alipompelekea uji wa ngano, kikongwe alinusa kanga yake, akamshika mkono, akamwuliza amepata wapi mistika. Ndivyo wao wanavyouita ubani ule. Kumbe Jeddah ya utoto wake maji ya kunywa yalikuwa yakifukizwa vivyo hivyo, gudulia kwa gudulia, na tangu aolewe hakuwahi kuyaonja tena. Niliwasikia wakiongea mchana huo, Kiarabu cha Bi Mwanaidi kikiwa cha jikoni lakini cha haraka, Hajja akicheka kama msichana. Kuanzia hapo gudulia lilijazwa kila siku. Lilijazwa maji ya mfereji wetu, sababu chupa za ndani zilikuwa na macho ya madam juu yake, na madam alikuwa amekataza mama mkwe kupewa kitu chochote bila yeye kujua. Hajja mwenyewe ndiye aliyetaka iwe siri. Ilimfurahisha kuwa na siri katika umri ule.

Na Hajja alimlipa kwa ahadi. Bi Mwanaidi alikuwa Saudia mwaka wa sita, na hakuwahi kufika Makka. Watu wa nyumbani hawakuamini. Walidhani mtu akiwa Saudia huamka na kuiona Kaaba dirishani. Madam alikuwa akimwambia mwakani, mwakani. Hajja akamwambia kwamba baridi ikiisha atakwenda Jeddah kwa binti yake, na safari hii atamchukua yeye, na kutoka huko watakwenda Umra pamoja, wawili, yeye kwenye kiti cha magurudumu na Bi Mwanaidi akisukuma. Siku aliyoniambia habari hiyo alikuwa anamenya vitunguu, na akasema si vitunguu vinavyomliza. Alinunua kitambaa cheupe, akakikunja akakiweka chini ya mto. Mimi Mkristo wa Bungoma nilifurahi kama niliyeahidiwa mimi.

Mtu wa tatu wa kwetu mle ndani alikuwa Mutua, dereva, kijana wa Machakos, mlokole, aliyelala kwenye kibanda cha langoni. Alikuwa mwaminifu wa kuchosha. Ukimpa ndizi mbili atauliza ya pili ni ya nani. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuleta dizeli kwa mapipa kutoka kituo kimoja karibu na ghala la bosi huko Al-Sulay na kuimimina kwenye tangi. Bosi alikuwa na ufito wa chuma wa kupimia, akiuzamisha kila baada ya siku kadhaa, na majira yale kila alipouzamisha ulitoka mkavu zaidi ya alivyotarajia. Boila lilikuwa lile lile, baridi ile ile, ila mafuta yalikuwa yakiisha mara mbili upesi. Huko Al-Sulay madereva wa malori wanajulikana kwa kuuziana mafuta vichochoroni. Bosi akajumlisha mambo mwenyewe. Alinunua kufuli nzito, akalijaza tangi, akafunga kifuniko, funguo akaweka mfukoni. Alipofungua tena mafuta yalikuwa yameshuka vile vile. Mtu mwingine angejiuliza kama tangi ni zima. Yeye aliona kufuli haijavunjwa, akahitimisha kwamba Mutua ametengeneza ufunguo wa wizi. Kwake wazo la mafuta kwenda chini ya ardhi halikuwepo. Kilichopotea kimechukuliwa na mtu, na mtu huyo ni sisi.

Wakati huo Hajja alianza kuumwa. Chakula hakikumkaa tumboni, ngozi ikamwasha, akawa anasinzia mchana kutwa. Daktari alimwita madam pembeni, nami nilikuwa nafuta kioo cha korido nikasikia: ni tumbo la uzee, na pengine ini, apewe dawa hizi, apelekwe mahali pa joto. Alimwuliza madam mkwewe anakunywa nini. Maji ya chupa tu, madam akajibu, na kwa alivyojua yeye ilikuwa kweli. Basi ikaamuliwa Hajja aende Jeddah mara moja, si kwa Umra, kwa kupumzika. Bi Mwanaidi hakuweza kuacha jiko, kwa hiyo nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza. Alinifungia nguo zangu yeye mwenyewe. Hajja alimwambia mlangoni asihuzunike, atapona arudi, na mwezi wa Rajabu watakwenda wawili kama walivyopanga. Akataka gudulia lake lifungwe waende nalo, madam akasema hakuna nafasi.

Binti wa Hajja alikuwa na fleti juu ghorofani, na kutoka dirisha la jikoni niliona winchi za Bandari ya Jeddah zikiinama na kuinuka. Kulikuwa na joto na unyevu wa chumvi, nguo hazikauki. Nilipofika nilifungua mfereji nikanywa, na maji hayakuwa na ladha yoyote. Nilikunywa tena. Nilidhani ulimi wangu umeharibika. Baada ya siku chache kichwa kiliacha kuuma, nikashangaa jinsi dunia ilivyo tulivu mtu asipoumwa kichwa. Hajja naye alianza kuomba chakula. Wote wakamsifu daktari na dawa zake. Alikuwa akilalamika jambo moja tu, kwamba bintiye anamnywesha maji ya plastiki yasiyo na roho, na kwamba Mwanaidi angejua la kufanya.

Siku moja tulikuwa tunarudi na Hajja kutoka kliniki, gari likasimama kwenye taa karibu na geti la bandari, dirisha likiwa wazi. Lori la makontena likasimama sambamba nasi, bomba lake likitoa moshi, na chini ya tangi lake mafuta yakidondoka barabarani. Harufu ikaingia. Mara mdomoni mwangu kukaja maji ya chumba chetu cha Al-Shumaisi. Si kwamba nilikumbuka, niliyaonja, pale pale, bila ubani, ile ladha ya chini yake ambayo sikuwahi kuipatia jina. Nikahisi kichefuchefu mpaka Hajja akaniuliza kama nina mimba. Nilikuwa nimekunywa dizeli tangu siku ya kwanza niliyofika. Sote tulikuwa tumekunywa.

Nilikuwa na simu ndogo ya siri, na mchana ule Hajja alipolala nilijifungia bafuni nikampigia Bi Mwanaidi. Kabla sijasema langu alinipa lake. Mutua amekamatwa. Bosi amemnyang'anya simu na ikama, kibali chake cha ukaazi, amemfungia katika stoo ya ghala huko Al-Sulay, na Jumapili asubuhi, ofisi zikifunguliwa baada ya mapumziko, atamkabidhi polisi kwa wizi. Mutua alikuwa ameapa kwa kila jina alijualo. Bosi akamwambia mafi kalam, hakuna maneno. Siku zile sote tulijua mtu mgeni akiingia jela ya kule kwa neno la kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini, hakuna wa kumwulizia. Kulikuwa na kijana wa Kitui aliyeingia hivyo na mamake alikuwa bado anampigia simu isiyoita. Nikamwambia Bi Mwanaidi: nenda kwenye mfereji, kinga maji, usifukize, nusa, kisha uonje. Akaweka simu chini. Nilisikia maji yakimiminika. Alikaa muda, halafu akarudi.

"Ni mafuta, mwanangu," akasema. "Si ukoga. Ni mafuta."

Nikaanza kushangilia kwa kunong'ona. Tangi linavuja, Mutua hana hatia, mwambie bosi aje anuse, halas, yaishe. Yeye hakushangilia. Nikamsikia akipumua. "Na Hajja je?" akauliza, na hapo ndipo nami nilipoelewa. Nikamwambia tuseme ya kwetu tu, kwamba sisi tumeyaonja, na ya gudulia tunyamaze, nani atajua. Akaniambia tu nirudi salama.

Tulirudi Ijumaa, Hajja akiwa amenawiri kidogo. Jioni hiyo, tukiwa chumbani, nikiwa bado sijafungua mkoba, tulibishana kwa sauti ya chini. Nilimwambia nitasema mimi, mimi sikumpa Hajja kitu, hawana la kunifanya. Akasema wataniuliza mbona kikongwe alipona Jeddah, na daktari atauliza, na gudulia liko kando ya kitanda lina masizi ya ubani. Na jambo la pili ndilo lililonifunga mdomo. "Yule mama anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao," alisema. "Dawa za ini anameza kila siku. Nimnyamazie na hilo pia? Mimi ndimi niliyemnywesha." Nikamkumbusha Makka. Akasema anakumbuka. Akaniambia wakimkasirikia yeye watamrudisha kwao, lakini Mutua watamfunga, na mtu anayerudishwa kwao bado yuko hai nje. Halafu akanitaka niape kwamba Mutua hatajua. Nilipouliza kwa nini, akasema kijana yule akijua atajiona ana deni la kubeba maisha yake yote, na yeye hataki kubebwa na mtu. Niliapa kwa hasira. Nilimwona mjinga siku ile, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana bosi na madam walikuwa ukumbini wakinywa kahawa. Nilikuwa nimebeba sinia la tende. Bi Mwanaidi aliingia na bilauri moja ya maji, akaiweka mbele ya bosi, akamwomba ainuse. Alinusa, akasogeza kichwa nyuma. Akauliza yametoka wapi. Bi Mwanaidi akamwambia, mfereji wa jiko la nje, baba, ndiyo tunayokunywa. Bosi alisimama bila kuvaa viatu, akatoka uani na soksi, nasi tukimfuata. Alifungua kifuniko cha tangi la zamani la maji, akapiga magoti, akatia mkono. Ulitoka uking'aa, na utando wa rangi rangi ukamtiririka hadi kwenye mkono wa kanzu. Akageuka akatazama kile kifuniko kingine chenye kufuli. Alikaa amepiga magoti pale muda mrefu kwa mtu wa hadhi yake. Nilingoja aseme jambo kuhusu Mutua. Alitoa simu akampigia fundi.

Aliyesema ni madam. "Nani amekunywa haya?"

"Sisi, madam," Bi Mwanaidi akajibu. Kisha, kwa sauti ile ile: "Na Hajja. Nilikuwa nampelekea kwenye gudulia, yamefukizwa. Daktari aambiwe, dawa zibadilishwe. Mimi sikujua."

Madam alipanda ngazi akarudi na gudulia, akalinusa, akaliweka sakafuni mbele ya miguu ya Bi Mwanaidi. Hakumpiga. Alilia, na sijui hadi leo kama alimlilia Hajja au alilia kwa sababu alikuwa amemjibu daktari uongo bila kujua. Alisema mwanamke huyu alikuwa akimwua mama mkwe wake polepole chini ya pua yake. Bosi alisema si makusudi. Madam akasema makusudi au si makusudi, kesho asimwone. Bosi akafikiri, akanawa mikono kwa sabuni, akasema halas. Neno moja hilo lilimaliza miaka sita.

Mutua alirudishwa jioni hiyo hiyo. Hakuombwa radhi, aliambiwa gari ni chafu alioshe. Hakujali. Aliosha gari akiimba pambio, akatupungia mkono kutoka langoni. Wiki iliyofuata mafundi walichimbua uani, wakatoa udongo mweusi unaonuka, na tangi likatolewa limetoboka tumbo lake lote la chini. Sisi wafanyakazi tulipewa maji ya chupa mpaka tangi la zamani liliposafishwa, halafu tukarudishwa kwenye mfereji. Daktari alibadilisha dawa, Hajja akapona vizuri. Yeye aliambiwa Mwanaidi mkataba wake umeisha. Mwezi wa Rajabu tulikwenda Jeddah, bintiye akampeleka Makka, mimi nikabaki kwenye fleti nikiosha vyombo, kwa sababu mtu wa dini yangu haruhusiwi kuingia kule. Aliporudi, mtu alikuwa amekwisha mwambia kwamba maji ya Mwanaidi ndiyo yaliyomuuguza. Alinishika shavu akasema amemwombea Mwanaidi mbele ya Kaaba, Mwenyezi Mungu amsamehe kwa alilomfanyia. Nilijaribu kumweleza kwa Kiarabu changu kibovu. Akanipapasa kichwa, akasema mimi ni msichana mwema kumtetea rafiki.

Zuhura, hayo yote ungeweza kuyasikia kwa mtu mwingine. Ya Jumapili ninayajua mimi peke yangu. Bosi alimwagiza Mutua ampeleke mamako kwenye ofisi ya wakala, na mimi nikatumwa kwenye gari hilo hilo kuchukua dawa mpya za Hajja. Mamako alikaa nyuma pamoja nami, mkoba miguuni, amejifunika buibui yake safi. Mutua alikuwa amenyoa, ananukia sabuni, ana furaha ya mtu aliyetolewa shimoni. Alituambia jinsi alivyofunga na kuomba mle stoo, kati ya maboksi, na jinsi asubuhi ya Jumamosi alivyosikia moyoni kwamba amejibiwa, na mchana huo huo bosi mwenyewe akagundua tangi linavuja. Kisha akamtazama mamako kwenye kioo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Lakini mathe, nawe," akasema. "Mzee wa watu unampea maji ya mfereji, na unajua vile madam yuko? Na si hata ungejinyamazia tu. Nasikia ni wewe mwenyewe uliongea. Ungetulia kidogo ungefika Makka. Ona mimi. Walinisingizia, nikanyamaza, nikaachia Mungu."

Nilifungua mdomo. Mamako akaniwekea mkono juu ya goti, akalibana.

"Kweli, mwanangu," akamwambia. "Nilikosea. Wewe Mungu alikusikia."

Tukafika ofisini. Mutua alimbebea mkoba mpaka mlangoni, akampa mkono kwa heshima, mikono yote miwili. Mamako hakugeuka nyuma. Mutua alirudi ndani ya gari, akaweka mikono kwenye usukani, na kabla ya kuliwasha akaniambia tumwombee yule mama kwa sababu anaondoka vibaya. Akafumba macho. Aliomba kwa sauti, akamtaja kwa jina lake kamili, akamshukuru Mungu kwa kumtendea yeye Mutua muujiza, na akamsihi Bwana amfundishe Mama Mwanaidi kuuzuia ulimi wake.

Nilikuwa nimeapa. Nikaitika amina.